Fainali ya Wimbledon 2019: Aliyeshinda Pointi Nyingi Ndiye Aliyekosa Kombe

Mwanzisha uzi

Wakuu wa jukwaa la michezo, salaam.

Kila Julai inapofika, mazungumzo yetu ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, huangukia kwenye ubishi uleule: kwamba tarehe 14 Julai 2019 Roger Federer alilitema kombe lililokuwa tayari mdomoni, na kwamba Novak Djokovic alibahatika tu kuliokota. Ninaomba tuutazame upya mchezo ule kwa utulivu na kwa takwimu, kwa sababu naona tumekuwa tukizing'ang'ania pointi mbili za ubingwa alizozikosa Federer na kuzisahau nyingine 33 zilizoamua kila kitu.

Matokeo yenyewe mnayafahamu. Djokovic alishinda 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12 kwa muda wa saa 4 na dakika 57, na hiyo ikawa fainali ndefu kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja katika historia ya Wimbledon, ikiipita ile ya mwaka 2008 ambayo Rafael Nadal alimshinda Federer huyuhuyu kwa saa 4 na dakika 48. Sasa fungueni karatasi ya takwimu. Federer alishinda pointi 218, Djokovic 204. Federer alishinda gemu 36, Djokovic 32. Federer alipiga mipira 25 ya kuanzisha ambayo mpinzani wake hakuigusa kabisa, Djokovic akapiga 10. Mapigo ya kumaliza pointi yalikuwa 94 kwa 54. Mara 7 Federer alimpokonya Djokovic gemu ambayo Djokovic ndiye aliyekuwa akianzisha mpira, ilhali yeye mwenyewe alipokonywa mara 3 tu. Mtu akipewa karatasi hiyo huku majina yamefichwa, akaulizwa ni nani aliyenyanyua kombe, hatasita hata kidogo, na atakosea.

Sababu ni kwamba tenisi haijumlishi: pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na anayefikisha seti tatu kwanza ndiye mshindi. Katika soka mabao yote huingia kwenye hesabu moja, na bao la dakika ya 3 lina uzito sawa na bao la dakika ya 90. Katika tenisi, ukishamfunga mtu seti ya pili kwa 6-1, kama Federer alivyofanya siku ile, ziada yote uliyoipata inafutwa, na seti inayofuata mnaanza sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Seti ya 6-1 ina thamani ileile ya seti ya 7-6. Ndiyo maana nimezitenganisha pointi za siku ile katika mafungu mawili: zile za taibreki, yaani gemu ya kuamua seti pale wachezaji wanapolingana, na zile nyingine zote.

Taibreki zilikuwa tatu, na Djokovic alizishinda zote kwa 7-5, 7-4 na 7-3. Maana yake katika taibreki Djokovic alipata pointi 21 na Federer 12. Ukiziondoa hizo, mchezo uliobaki una pointi 389, na katika hizo Federer alipata 206 dhidi ya 183 za mpinzani wake. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya ile alasiri ndefu Federer alimzidi Djokovic kwa pointi 23, na katika pointi 33 zilizosalia Djokovic akamzidi kwa 9. Hizo 9 ndizo zilizolipwa kombe.

Mtaniambia kwamba taibreki ni kamari. Ingekuwa hivyo kama mtu angeshinda moja akashindwa mbili. Lakini tazameni namna zilivyochezwa. Katika ile ya seti ya kwanza, Federer aliongoza 5-3, akahitaji pointi mbili tu, na akapoteza pointi nne mfululizo. Katika seti ya tatu alikuwa na nafasi ya kuimaliza seti akiongoza 5-4 huku Djokovic akianzisha, akaikosa, na taibreki ikamwendea vibaya tena. Katika taibreki zote tatu Djokovic hakufanya kosa hata moja la kujitakia. Huyu ni mtu aliyefanya makosa 52 ya aina hiyo katika mchezo mzima, na kuna wakati katika seti ya pili alionekana kama hataki kuwepo uwanjani. Kila namba ilipofika 6-6, au 12-12 katika seti ya mwisho, alirudi nyuma ya mstari wake, akaacha kujaribu mapigo ya ajabu, na akamlazimisha Federer apige mpira mmoja zaidi, kisha mwingine tena. Federer, ambaye alikuwa akishinda kwa kuthubutu, aliendelea kuthubutu, na mipira yake ikaanza kutoka nje.

Kwangu mimi, huo ulikuwa mpango. Karibuni.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umeruka mahali panapouma. Seti ya tano, 8-7, Federer anaanzisha, ametoka kupiga mipira miwili isiyoguswa, na ubao unasoma 40-15. Yuko kwenye nyasi, kwenye uwanja ambao ameshinda mataji 8, na mashabiki karibu wote wako upande wake. Anahitaji pointi moja kati ya mbili. Ya kwanza anapiga fohendi, yaani pigo la upande wa mkono anaoshikia raketi, inatoka nje kwa upana. Ya pili anasogea wavuni kwa mpira usiokuwa na makali ya kutosha, na Djokovic anampitisha kwa fohendi ya mshazari. Baada ya hapo gemu ikapotea, ikawa 8-8.

Kama angeshinda mojawapo, leo usingekuwa na taibreki ya tatu ya kuichambua. Hesabu yako ya pointi 33 ni nzuri, ila 10 kati ya hizo, 7 za Djokovic na 3 za Federer, zilichezwa kwa sababu tu alishindwa kufunga mlango akiwa ameushika kitasa. Nakubali kwamba Djokovic alikuwa na mpango. Sikubali kwamba tusimlaumu Federer.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niingie kwa kifupi, maana nadhani watu wengi wanaolalamikia mfumo wa kuhesabu wamesahau kwamba mfumo huohuo uliwahi kumneemesha Federer.

Rudini kwenye fainali ya 2009. Federer alimshinda Andy Roddick 5-7, 7-6, 7-6, 3-6, 16-14. Zijumlisheni gemu: Roddick 39, Federer 38. Roddick alimpokonya Federer gemu mara mbili, na yeye mwenyewe hakupokonywa hata mara moja hadi gemu ya 77, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Katika taibreki ya seti ya pili Roddick aliongoza 6-2, akawa na nafasi nne za kwenda mbele kwa seti mbili, akazipoteza zote na taibreki ikaisha 8-6. Siku ile sikumbuki mtu yeyote akisema kwamba Federer alibahatika. Tulisema kwamba bingwa hucheza vyema wakati wa dhiki, na tulikuwa sahihi. Basi miaka kumi baadaye tuseme hivyohivyo kwa mwenzake.

Mchangiaji wa nne

Wengine hapa huenda hawajui kwamba taibreki ile ya 12-12 ilikuwa mpya kabisa. Kabla ya mwaka 2019, seti ya tano Wimbledon haikuwa na mwisho uliopangwa. Mlicheza hadi mmoja apate tofauti ya gemu mbili. Ndivyo John Isner na Nicolas Mahut walivyofika 70-68 mwaka 2010, katika mchezo uliochukua saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu. Kilichowachosha waandaaji kabisa ni nusu fainali ya 2018, ambapo Kevin Anderson wa Afrika Kusini alimshinda Isner huyohuyo 26-24 katika seti ya tano, baada ya saa 6 na dakika 36, kisha akaingia fainali akiwa hana miguu na Djokovic akammaliza kwa seti tatu. Mwaka uliofuata wakaweka taibreki kwenye 12-12, na fainali hii ikawa mchezo wa kwanza wa mchezaji mmoja mmoja kuifikia.

Kwa hiyo swali langu kwa mwanzisha uzi ni hili: chini ya kanuni ya zamani, mchezo ungeendelea baada ya 12-12. Djokovic alikuwa na umri wa miaka 32, Federer alibakiza wiki chache kutimiza 38. Je, unaamini mzee angeshinda? Mimi naona kanuni mpya ilimhurumia kuliko ilivyomwonea. Na sasa hata hiyo imeondoka; tangu 2022 mashindano yote manne makubwa hutumia taibreki ya pointi 10 kwenye 6-6 ya seti ya mwisho.

Mchangiaji wa tano

Wakuu, ninasoma hapa tangu mwanzo na ninaona wikiendi nzima ya fainali imegeuzwa kuwa Jumapili peke yake. Jumamosi tarehe 13 kulikuwa na fainali ya wanawake, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha tenisi kwa upande wa mshindi.

Simona Halep alimfunga Serena Williams 6-2, 6-2 kwa dakika 56. Katika dakika hizo zote alifanya makosa matatu tu ya kujitakia. Matatu, katika fainali, mbele ya mchezaji anayeanzisha mpira kwa nguvu kuliko mwanamke yeyote wa kizazi chake, na ambaye alihitaji ushindi mmoja tu ili kuifikia rekodi ya Margaret Court ya mataji makubwa 24. Halep aliongoza 4-0 kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti vyao. Alikuwa Mromania wa kwanza kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja pale, na baada ya mchezo alisema hajawahi kucheza vizuri kuliko siku ile. Mimi namwamini.

Ninaleta hoja hii kwa sababu inahusiana na alichokisema mwanzisha uzi. Halep hakumshinda Serena kwa mapigo makubwa. Alikimbia, alirudisha, na alimwachia mpinzani wake mzigo wa kutafuta pigo jingine la kumaliza pale ambapo alidhani pointi imekwisha. Serena alikuwa ametoka kupoteza fainali ya 2018 kwa Angelique Kerber kwa njia hiyohiyo, 6-3, 6-3. Zawadi ya bingwa mwaka ule ilikuwa pauni milioni 2.35 kwa wote wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa usawa wa zawadi ulianza 2007, na bado kuna watu humu walioandika mwaka ule kwamba dakika 56 si kazi. Kumfunga Serena kwa dakika 56 ni kazi kubwa kuliko kumfunga kwa saa tatu.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru wote. Ngoja nijibu kwa mpangilio wangu mwenyewe, si wa namba.

Mchangiaji wa tano ameniwahi, na ameliweka vizuri kuliko mimi. Wachezaji wote wawili walioshinda wikiendi ile walikuwa wapokeaji wa mpira kabla ya kuwa waanzishaji. Miaka ya nyuma jambo hilo lisingewezekana kirahisi. Hadi mwaka 2000 nyasi za Wimbledon zilikuwa mchanganyiko wa aina mbili, asilimia 70 ya raigrasi na asilimia 30 ya feskyu. Kuanzia 2001 wakaotesha raigrasi tupu, ambayo ni imara zaidi na huacha ardhi ngumu chini yake, ikikatwa kwa urefu wa milimita 8. Mpira ukawa unadunda juu kidogo na kwa uaminifu zaidi. Mwaka 2002 tayari fainali ilikuwa kati ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian, watu wawili waliokaa nyuma ya mstari mchana kutwa bila kukimbilia wavuni baada ya kuanzisha. Federer alikulia katika nyasi za zamani na akatawala katika mpya, na hilo ni moja ya maajabu yake. Lakini Djokovic ni zao la nyasi mpya.

Sasa nije kwa mchangiaji wa pili, kuhusu 40-15. Sijaruka; niliiacha kwa makusudi kwa sababu nilijua ungeileta. Nikubaliane nawe kwamba ile fohendi ya kwanza ilikuwa mbaya. Lakini pointi ya pili Djokovic aliichukua mwenyewe, na haikuwa mara yake ya kwanza. Nusu fainali ya US Open, mashindano makubwa ya New York, mwaka 2010: Federer ana nafasi mbili za kumaliza mchezo, Djokovic anaziokoa na kushinda 7-5 katika seti ya tano. Nusu fainali ya US Open mwaka 2011: Federer anaanzisha akiongoza 5-3 katika seti ya tano, ubao unasoma 40-15 vilevile, Djokovic anarudisha kwa fohendi ambayo Federer hakuisogelea, na mwisho ni 7-5 tena. Mara tatu, wachezaji walewale, nafasi mbili kila mara. Jambo likitokea mara moja liite bahati. Likitokea mara tatu, mwenye kulitenda anajua anachokifanya. Djokovic mwenyewe alieleza baada ya fainali kwamba umati ulipokuwa ukiimba jina la Roger, yeye alijilazimisha kusikia jina lake. Wengine walicheka. Mimi naona hapo ndipo penye jibu.

Kwa mchangiaji wa nne: chini ya kanuni ya zamani nadhani Djokovic angeshinda pia, ila sina uhakika kama wewe. Msisahau kwamba kwenye 11-11 Federer alikuwa na nafasi mbili za kumpokonya gemu. Mzee alikuwa bado na pumzi. Alikuwa ametoka kumtoa Nadal siku mbili kabla yake, kwa seti nne, na bado alikimbia hadi gemu ya mwisho.

Mchangiaji wa sita

Habari kutoka Nairobi. Niliitazama fainali ile katika mgahawa ambao ulikuwa na runinga moja tu, na seti ya tano ilipokuwa ikipamba moto, wateja wakaanza kudai tuhamie Cairo, kwa kuwa jioni ileile Senegal na Tunisia walikuwa wakicheza nusu fainali ya AFCON. Tulipiga kura. Tenisi ilishindwa. Nilikuja kuijua 13-12 kupitia simu, kwa hiyo msiniulize kuhusu fohendi ya mshazari.

Ila nina jambo moja la kuongeza kuhusu taibreki, kwa sababu sisi Wakenya ilitunufaisha. Mwaka 2022, kwenye nyasi zilezile, Angella Okutoyi pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika mashindano makubwa ya tenisi. Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4, kisha taibreki ya pointi kumi badala ya seti ya tatu: 11-9. Walipoteza seti ya kwanza kwa tofauti ya gemu tatu na kushinda ya pili kwa tofauti ya mbili. Mwanzisha uzi akizijumlisha gemu atakuta waliopoteza walikuwa mbele. Mmoja wa wale waliopoteza ni Victoria Mboko wa Kanada. Sikumbuki mtu yeyote hapa Nairobi akidai mfumo wa kuhesabu ubadilishwe.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma majibu. Kuhusu New York umenipa kazi, nakiri sikuwa nimeziunganisha zile mbili na hii. Lakini tazama inavyokurudia: kama mtu amefanyiwa jambo lilelile mara mbili na mpinzani yuleyule, basi anapofika 40-15 mara ya tatu anaijua hatari, na ndiyo maana mkono unakuwa mzito. Kwa hiyo mimi na wewe tunasema jambo moja kutoka pande mbili. Wewe unaliita ubora wa Djokovic. Mimi naliita jeraha la Federer. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakufika tena fainali yoyote ya mashindano makubwa hadi alipostaafu mwaka 2022, sidhani kama lilipona.

Swali la mwisho kutoka kwangu: kabla ya Djokovic, ni nani mwingine aliyewahi kuokoa pointi ya ubingwa katika fainali ya wanaume Wimbledon na bado akanyanyua kombe?

Mwanzisha uzi

Wa mwisho kabla yake ni Bob Falkenburg wa Marekani, mwaka 1948, dhidi ya John Bromwich wa Australia. Alikuwa nyuma katika seti ya tano, akaokoa pointi tatu za ubingwa, na akashinda 7-5, 0-6, 6-2, 3-6, 7-5. Mkizijumlisha gemu mtapata Bromwich 24 na Falkenburg 23, kwa hiyo naye ni wa ukoo huohuo wa mabingwa waliozidiwa kwenye hesabu. Ile seti ya 0-6 alikubali kuiachia kabisa ili apumzike, jambo ambalo watazamaji wa wakati ule hawakulipenda. Baadaye alihamia Brazili na kuanzisha migahawa ya hambaga inayoitwa Bob's, ambayo ipo hadi leo.

Kati ya 1948 na 2019 ni miaka 71, na katika muda huo wote hakuna mwanamume mwingine aliyefanya hivyo kwenye fainali pale. Mwenye takwimu za upande wa wanawake aziweke hapa chini. Mchangiaji wa tano, nadhani hiyo ni zamu yako.